Pima Kwanza, Ndipo Umwambie Apumue

Happy, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali yetu, ameniomba niandike niliyoyaona kazini ili wanaoingia wasianze na sifuri. Nimemwambia sina hotuba. Habari za vyeo na mishahara watawasimulia waliovipata. Mimi nina habari za mabega, shingo na pumzi, na habari ya kosa moja nililolifanya wakati tayari ninaitwa mzoefu.

Nilifika Bariadi enzi zile Simiyu haijawa mkoa, bado tuko chini ya Shinyanga. Nilikuwa nimetoka nyumbani Kiloleli na cheti cha uuguzi msaidizi, na kichwani nilikuwa na wodi moja tu, ya wazazi. Matroni hakukitazama cheti. Alitazama mikono yangu, akaigeuza kama mtu anayechagua viazi, akasema, "Mikono mikubwa hii. Mpelekeni kwa Veronika."

Sista Veronika alikuwa na chumba kimoja mwisho wa korido, jirani na stoo ya mashuka. Nilipofungua mlango nikaona watu watatu wamelala chali kwenye mikeka, macho wamefumba, kimya kabisa. Nikaona adabu inanitaka nisalimie. Nikatoa "Mwangaluka!" ya Kiloleli, salamu yetu ya asubuhi, kwa sauti ile ya kumwamkia mtu aliye ng'ambo ya shamba. Wote watatu waliruka. Mama mmoja alishika kifua.

"Umenivurugia kazi ya nusu saa," Sista Veronika akasema bila hasira. "Kaa pale. Usiguse kitu."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenyeji wa Bukoba, na Kisukuma chake kilikuwa cha kuchekesha: alisema mwangaluka hata saa tisa alasiri. Lakini wagonjwa walimpenda, kwa sababu alikuwa hana haraka. Siku ile alinipa kazi moja tu. Nimshike mgonjwa kifundo cha mkono kama ninayepima mapigo ya moyo, kisha nihesabu pumzi zake kwa dakika nzima bila yeye kujua.

"Kwa nini asijue?" nikauliza.

"Kwa sababu ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake, ataanza kupumua kwa ajili yako. Sisi tunataka anavyopumua kwa ajili yake mwenyewe."

Nilihesabu pumzi wiki mbili. Sikugusa kingine. Nilimwandikia mama yangu kwamba nimefika kazini salama na kazi yenyewe ni kutazama watu wakipumua. Alinijibu kupitia mjomba kwamba nivumilie, huenda watanihamisha.

Wengi mnafikiri chumba kile ni cha waliovunjika miguu na waliopooza. Hao walikuwepo, na wapo. Lakini Sista Veronika aligundua mapema kwamba watu wengi waliotumwa kwetu hawakuwa wamevunjika kitu. Walikuja na kichwa kinachobana kama kilemba, shingo isiyogeuka, usingizi uliokimbia, tumbo linalosokota kila ikifika siku ya kikao cha ukoo. Daktari amewapima, hakuona kitu. Nyumbani wengine walikuwa wameshaambiwa wamerogwa, wengine wameambiwa ni mawazo. Kwa maneno yote mawili mtu alirudi kitandani vilevile alivyotoka.

Sista Veronika aliwalaza kwenye mkeka. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unakaza ngumi hesabu tano, unaachia. Unakaza mikono hadi kwenye kiwiko, unaachia. Unapandisha mabega hadi masikioni, unaachia. Uso, taya, tumbo, mapaja, vidole vya miguu. Kila ukiachia, unakaa kidogo ili mwili usikie tofauti. Kisha pumzi: kuvuta kwa pua hesabu nne, kutoa kwa mdomo hesabu sita, taratibu, kama unapuliza uji wa mtoto na hutaki umwagike. Ili mgonjwa aone kama anapumua kwa tumbo au kwa kifua, tulikuwa na kimfuko cha mtama tulichoshona kwa kipande cha kanga. Tunakiweka juu ya kitovu. Kikipanda na kushuka, sawa. Kikikaa tu huku kifua kinahangaika, tunaanza upya. Kimfuko kile kililiwa na panya mara nyingi, tukashona kingine. Sijawahi kuona kifaa cha hospitali kinachopendwa na panya namna ile.

Shida yetu kubwa ilikuwa neno. Sista Veronika alisema "legeza mwili," kama vitabu vyake vilivyosema. Wanaume walikataa kabisa. Baba mmoja wa Bukundi alikaa kitako, akavaa viatu vyake vya matairi na kusema, "Sista, mimi nina ng'ombe, nina wake wawili, sijawahi kuitwa mlegevu. Nisije nikaanzia hospitali." Akaondoka.

Nilimtafsiria Sista Veronika alichokisikia yule baba, tofauti na alichokisema yeye. Siku iliyofuata alikuwepo mama mmoja mchuma pamba, shingo imekaza kabisa. Nikaomba nijaribu mimi. Nikamwita mama kwa lugha yetu, nikamwambia, "Mayu, pandisha mabega kama umebeba ndoo imejaa, umetoka nayo mbali. Umefika nyumbani sasa. Tua."

Akatua. Mabega yalishuka na akatoa pumzi ambayo tuliisikia wote. Kuanzia siku hiyo neno letu kwa akina mama likawa "tua". Kwa wanaume tulisema "shusha bomba," lile bomba la kupulizia dawa ya pamba linalobebwa mgongoni, na hakuna aliyejiona ametukanwa. Sista Veronika aliliandika kwenye daftari lake akaniambia kuanzia leo naweza kugusa wagonjwa. Hiyo ndiyo siku ninayoihesabu kuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Alinipeleka kozi baadaye, nikarudi, na alipostaafu na kurudi kwao Bukoba chumba kikawa changu. Nikaanzisha kundi la Jumatano, siku ya kliniki ya presha. Watu wanane, kumi, wanapimwa presha kwenye dirisha la usajili, wanakuja kwangu na kadi zao, tunafanya mazoezi pamoja. Nilijifunza mengi mle. Kwamba mtu akikwambia hana wasiwasi wowote, mtazame taya. Kwamba wanaolala usingizi na kukoroma katikati ya zoezi wasiamshwe, ndio dawa imewaingia. Kwamba usimwambie mtu awaze yuko mahali patulivu kabla hujamjua. Juzi juzi hapa kijana mmoja wa mafunzo aliwashia akina mama sauti ya mzungu kwenye simu, yeye mwenyewe akiitafsiri: fikirini mmelala kando ya maji mengi yanayotiririka. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto alifungua macho, jasho linamtoka. Maji mengi yanayotiririka aliyoyajua yeye yalichukua mbuzi zake na daraja.

Basi nilikuwa mzoefu. Watu walinitafuta kutoka Maswa, Meatu, Itilima. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mtu akiingia mlangoni tu ninamjua.

Ndivyo alivyoingia Mwalimu Nkwimba.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Shishiyu, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kidogo, gauni limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Dada yake aliyekaa Bariadi alikuwa amemweleza habari za kundi la Jumatano. Mume wake, bwana shamba, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikaa kwenye kiti, akaweka mikono juu ya magoti, na mikono ilikuwa inatetemeka.

"Moyo unanienda mbio," akasema. "Silali. Darasani nashika chaki inaanguka. Watoto wameanza kuona."

"Tangu lini, mwalimu?"

"Tangu miezi michache baada ya msiba."

Sikuuliza la pili. Nilimshika mkono nikamwambia pole, mwili unabeba kile moyo ulichoshindwa kukisema, tutausaidia. Ni maneno mazuri. Nilikuwa nimeyasema mara nyingi na mara nyingi yalikuwa kweli. Kadi yake ilikuwa mbele yangu, imeandikwa mapigo mia moja na ishirini na mawili kwa dakika. Niliyasoma. Nikajiambia: mawazo hayo.

Sijawahi kuwa na mgonjwa mwenye bidii kama yule. Aliomba ruhusa kila Jumatano, akaja. Alinakili mazoezi kwenye daftari la mistari kwa mwandiko wa ubaoni. Alishona kimfuko chake mwenyewe cha mtama, akafanya asubuhi na jioni, akaweka alama ya tiki kila siku. Baada ya wiki nne shingo yake ilikuwa inageuka vizuri na kichwa kimeacha kumbana. Nikaandika kwenye faili: anaendelea vizuri.

Lakini mikono haikuacha kutetemeka, na moyo haukupungua mbio. Alipouliza kwa nini, nilimwambia labda majukumu ni mengi mno. "Huwezi kupumzika huku umebeba shule nzima," nikamwambia. "Ukikabidhi ofisi kwa muda, mwili utapata nafasi."

Alinitazama. "Unafikiri hivyo, sista?"

"Nafikiri hivyo."

Aliandika barua ya kuomba kupumzishwa ukuu wa shule. Alikuwa ameufanyia kazi miaka mingi, na aliuacha kwa sababu nilimwambia mimi, mtu ambaye hakuwa ameuliza hata swali la pili.

Kwenye kundi lile alikuwemo Mzee Gamaya, mfugaji mwingine wa Bukundi aliyekuwa anakaa kwa binti yake mjini kwa ajili ya matibabu ya presha. Mzee Gamaya hakuyaamini mazoezi yangu. Alilala kwenye mkeka kwa sababu binti yake alimlazimisha, na mara nyingi alikuwa wa kwanza kukoroma. Jumatano moja alichelewa kutoka makusudi, akanisubiri mlangoni.

"Sista, huyu mwalimu anakula?"

"Anakula vizuri, baba. Hamu ya chakula anayo."

"Namwona. Kila Jumatano anakula maandazi manne pale nje akisubiri zamu. Na kila Jumatano lile gauni linazidi kumpwaya." Akasimama kidogo, akatafuta namna ya kulisema. "Nilikuwa na mtamba akawa hivyo. Anakula kuliko wenzake, anakonda kuliko wenzake, hatulii. Mimi sikumwambia apumue. Nilimwita bwana mifugo."

Nilicheka. Nilimwambia watu si ng'ombe, mwalimu ana majonzi. Akasema, "Haya," akavaa kofia yake akaenda. Nikafunga chumba, nikaenda zangu nyumbani, na yale maneno yakanifuata hadi jikoni. Nilijaribu kuyafukuza kwa kujiambia kwamba mzee yule hata kumi hajawahi kuhesabu bila kusinzia.

Jumatano iliyofuata nilifanya jambo ambalo nilikuwa nimeacha kulifanya tangu nianze kuitwa mzoefu. Zoezi lilipoisha, wote wamelala kimya, nilipiga magoti kando ya Mwalimu Nkwimba. Niliinua mkono wake. Ulikuwa umelegea kabisa, mzito, kama mkono wa mtoto aliyelala. Taya lilikuwa limeachia. Kimfuko kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu. Kwa kila kitu nilichofundishwa, mwanamke yule alikuwa ametulia. Nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake, nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu dakika nzima.

Mia moja na kumi na nane.

Nikarudia. Mia moja na kumi na nane. Ngozi yake ilikuwa na unyevu na joto, na chumba kilikuwa na ubaridi. Pale alipolala chali, kidevu kimeinuka, niliona shingo. Upande wa mbele, chini, palikuwa pamejaa. Pengine palikuwa hivyo siku zote. Nilikuwa nimeikanda shingo ile kwa nyuma wiki kumi na moja, sikuwahi kuitazama kwa mbele.

Nilimwamsha. "Mwalimu, twende kwa daktari sasa hivi."

"Nimekosea zoezi?" akauliza.

Swali lile linaniuma hadi leo.

Daktari alikuwa kijana, mgeni kituoni. Alimpa glasi ya maji akamwambia ameze huku yeye akimshika shingoni. Aliuliza kama anahisi joto wengine wakivaa masweta, kama anakwenda haja mara nyingi, kama hedhi imebadilika. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Maswali matatu. Damu ikapelekwa Mwanza, majibu yakaja: tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Mwili wake ulikuwa unachoma mafuta usiku na mchana kama pikipiki iliyokwama kwenye resi. Daktari alisema moyo umeanza kuchoka, na kwamba miezi mingine michache ya kusubiri ingekuwa habari nyingine.  Alisema hivyo huku akitazama tarehe ya kwanza kwenye faili nililoliandika.

Walimwanzishia vidonge na kumpeleka Mwanza kwa uchunguzi zaidi. Mimi nikabaki na chumba changu. Jumatano ile niliendesha kundi kama kawaida, sauti yangu ikisema tua, tua, na mabega yangu yenyewe yakiwa juu. Jioni nilimpigia simu Sista Veronika Bukoba. Nilimweleza yote, mwanzo hadi mwisho. 

"Uliacha kuhesabu lini?" akauliza.

 

Mwalimu aliporudi kutoka Mwanza nilipanda basi kwenda Shishiyu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na yote niliyasahau nilipomwona amekaa barazani kwake anasahihisha madaftari. Si ofisini tena. Ofisi ilikuwa ya mwingine. Alinikaribisha, akaniletea kiti, akaniletea maji. Ustaarabu ule ulikuwa mzito kuliko matusi.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwalimu," nikasema. "Mapigo yako yalikuwa kwenye kadi tangu siku ya kwanza. Niliyasoma nikayapuuza. Mzee Gamaya alipoona unakonda akaniambia, nikamcheka. Na ile ofisi, mimi ndiye niliyekwambia uiache."

Aliendelea kuweka tiki kwenye daftari moja hadi mwisho, akalifunga.

"Nikwambie kilichoniumiza?" akasema. "Si ofisi. Ofisi ni kiti. Kila asubuhi nililala pale chumbani nikafanya kama ulivyonifundisha, na moyo haukutulia. Kila asubuhi nikajiambia, Nkwimba, umeshindwa hata kupumua. Wenzako wote kwenye mkeka wanaweza, hata yule mzee anakoroma. Wewe tu. Wiki kumi na moja nilijilaumu, sista. Kwa ugonjwa."

"Ni kweli," nikasema.

"Ni kweli," akarudia. Akachukua daftari lingine.

Nilikaa pale hadi alipomaliza madaftari ya darasa zima. Kisha akanisindikiza hadi barabarani. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Basi lilipokuja alisema tu, "Salimia Mzee Gamaya. Mwambie wabeja."

Nilimpelekea Mzee Gamaya salamu hizo mbele ya kundi lote, pamoja na maelezo ya kwa nini anashukuriwa, kwa sababu niliona nisipolisema kosa langu hadharani nitalizika. Mzee aliitikia kwa kichwa, akauliza kama leo bado kuna mazoezi. Nikasema yapo. "Haya," akasema, akalala kwenye mkeka wake.

Kuanzia hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao mnaulalamikia mnapoingia. Hakuna mtu anayelazwa kwenye mkeka kabla hujamshika mkono ukahesabu mwenyewe dakika nzima. Ile namba ya dirishani haitoshi. Unauliza anakula nini, amepungua au ameongezeka, anahisi joto au baridi, analala saa ngapi, anatumia dawa gani, pamoja na za mizizi. Unamtazama mbele na nyuma. Akifanya wiki tatu na kitu kimoja hakibadiliki, humwambii aongeze bidii. Unampeleka kwa daktari na unakwenda naye. Na maneno kama mawazo au msongo hayaandikwi kwenye faili siku ya kwanza, hata kama mgonjwa mwenyewe ndiye anayeyasema. Mgonjwa anatafuta jina la kinachomsumbua, na atachukua lile la karibu.

Nilipata hofu nyingine pia. Kwa miezi kadhaa kila aliyeingia nilimwona ana tezi. Nilimpeleka kwa daktari hata kijana mmoja ambaye shida yake ilikuwa mto mnene wa kulalia, uliomkaza shingo. Yule daktari aliniambia kwa upole kwamba sasa nimeruka upande wa pili wa barabara. Alikuwa sahihi. Watu wengi wanaokuja na mabega masikioni wana mabega masikioni tu, na kazi yetu ni kweli na inasaidia. Sikuacha kuiamini. Niliacha kuiamini peke yake.

Mwalimu Nkwimba alirudi siku moja ya kiangazi, pamba imeshavunwa, barabara nzima ni vumbi. Gauni lilikuwa limemkaa. Alinyoosha mkono kabla hajaketi, akageuza kiganja juu.

"Hesabu," akasema.

Nikahesabu. 

"Sabini na sita."

"Andika."

Nikaandika. Kisha akaniambia anataka kurudi kwenye kundi. Nikashangaa, nikamwambia hana sababu, tezi imetulia, anaweza kwenda zake. Akatikisa kichwa. "Dawa zimetuliza moyo. Sasa ndiyo nasikia kwamba mume wangu amekufa. Wakati ule sikuweza hata kulia, nilikuwa nahangaika na huu mtetemo. Nataka mahali pa kulala chini."

Nilimtandikia. Alifanya zoezi lote, ngumi, mikono, mabega, taya. Tulipofika kwenye pumzi machozi yakaanza kushuka pembeni kuelekea masikioni, bila sauti. Niliendelea kuhesabu. Mama aliyekuwa mkeka wa pili, bila kufungua macho, alisogeza mkono akamshika. Tulimaliza hivyo.

Ukuu wa shule hakurudishiwa. Nilikwenda kuzungumza na wahusika, nikaeleza kosa ni langu, wakanisikiliza vizuri, na nafasi ilikuwa imeshajazwa. Walimpa darasa la pili. Mwanzoni alikasirika, baadaye akaniambia watoto wa darasa la pili wanajua kulala chali kuliko wagonjwa wangu wote. Aliwafundisha pumzi ya uji kabla ya mtihani. Mwalimu mkuu mpya alipouliza kwa nini darasa zima linapuliza, alijibiwa ni somo la stadi za kazi.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na soda, keki, na hotuba iliyotaja tarehe ya kila barua niliyowahi kupata. Nilisimama nikishika kitambaa, natabasamu. Watu walipoanza kutawanyika nikarudi chumbani kufunga makabati, nikamkuta Mwalimu Nkwimba anatandika mkeka katikati ya sakafu.

"Lala," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Katika kukufahamu kwangu kote sijawahi kukuona umelala hapa."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewalaza watu maelfu, mimi nilionyesha zoezi nikiwa nimesimama. Nilisema nina funguo za kukabidhi. Happy alikuwa pale, akazichukua mkononi mwangu. Nikavua viatu, nikalala. Dari ya chumba kile ina doa la maji kubwa, na sikuwahi kulijua.

Mwalimu alipiga magoti, akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa. Hakuwa na haraka. Nilijaribu kupumua vizuri kwa ajili yake, nikajigundua nikifanya hivyo, nikaacha.

"Tisini na nne," akasema. "Unaogopa nini?"

Nilitaka kusema siogopi kitu. Lakini hakuwa mtu wa kudanganywa, na mimi sikuwa tena na sare.

"Jumatatu," nikasema. "Sijui nitaamka niende wapi."

Aliitikia, kama mwalimu anayepokea jibu ambalo si sahihi wala si kosa. Akamwambia Happy afunge dirisha. Kisha kwa sauti yake ya darasani, ya taratibu, akaanza. Kaza ngumi. Achia. Kaza mikono. Achia. Alipofika kwenye mabega alinishika yote mawili kwa viganja vyake, na ndipo nilipojua yalikuwa juu kiasi gani, kwa sababu yalikuwa na safari ndefu ya kushuka. Nakumbuka taya. Tumbo silikumbuki.

Aliyeniamsha alikuwa mama wa usafi, amesimama mlangoni na fagio. Jua lilikuwa limeshahamia ukuta mwingine. Mwalimu alikuwa ameshaondoka kuwahi basi la Maswa, na kanga yake ilikuwa imenifunika miguu. Nilimuuliza yule mama nimelala muda gani.

"Sijui, sista," akasema. "Tumekuacha. Ulikuwa unakoroma."